Ng'ombe wa Mama na Maneno Mawili ya Kilatini

Nakuru ilipopandishwa hadhi ikawa jiji, sisi wa Lanet tulishangilia kana kwamba kila mmoja amepewa kipande chake. Mama yangu alishangilia kuliko wote. Hakujua kwamba jirani yetu mpya, aliyezungushia nyumba yake ukuta mrefu hata sura yake hatukuijua, alikuwa ameshaandikia kamati ya mtaa barua. Jiji na ng'ombe haviendi pamoja, alisema. Ng'ombe wa mama aondolewe.

Ng'ombe mwenyewe ni mmoja tu. Lakini tangu tumzike baba, ndiye anayemtoa mama kitandani. "Huyu akienda, nitaamkia nani?" aliniuliza habari za barua zilipotufikia. Niliogopa kweli, na pesa za wakili sikuwa nazo.

Nilichokuwa nacho ni Kilatini. Nilikaa seminari miaka minne kabla ya kugundua kwamba sikuwa na wito, nilipenda tu wali wa Jumapili. Basi siku kamati ilipoita mkutano kujadili barua hiyo, jirani mwenyewe akiwa ameketi mbele, nikasimama kwa mbwembwe. Nikaeleza kwamba Warumi walikuwa na maneno mawili. Urbs ni kuta, nyumba na barabara. Hapo ndipo Waingereza walipopata urban. Civitas ni wenyeji wenyewe, watu waliofungamana. Huko ndiko walikotoa city na citizen, na hata civil, mtu mwenye adabu kwa wenzake.

"Kwa hivyo jiji ni watu, si kuta!" nikamaliza, mikono juu. "Non urbs, sed civitas!"

Mzee mmoja wa kanisa letu akavua kofia. Nusu ya mkutano ikaitikia, "Amina." Walidhani nimefunga kwa sala, na kwetu sala ya kufunga ikishasemwa, kinachofuata ni chai. Hoja yangu ikafia hapo, vikombe vikaanza kugongana.

Mama akapita na birika. Ilikuwa chai ya maziwa matupu, haikuonja maji. Jirani akamaliza kikombe, akaongezwa, akamaliza tena.

"Mathe, hii maziwa unatoa wapi? Ile ya paketi mtoto wangu amekataa kabisa."

"Hapo tu nyuma ya ukuta yako," mama akajibu, akimjazia cha tatu.

Tulicheka mpaka mwenyekiti akamwaga chai yake. Jirani naye akashindwa kujizuia. Alipoulizwa kuhusu barua, akasema, "Wachana na hiyo, mwenyekiti."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na wivu kidogo. Miaka minne ya Kilatini imeshindwa na birika!

Wiki hiyohiyo jirani alileta fundi kutoboa ule ukuta, akaweka mlango mdogo upande wetu. Mama hupita hapo kila asubuhi na maziwa ya mtoto, na siku hizi hata hodi hapigi.