Nilimshitaki Mtani Wangu Chuoni

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti. Niliishia darasa la tano pale Kerege, nikaanza na toroli la kukodi, nikabeba mchanga wa watu mpaka nikabeba wangu. Leo nina malori mawili na kiwanda cha matofali, na nyumba nyingi mpya mnazoziona barabara ya Bagamoyo zimesimama kwa tofali langu. Nilidhani nawajua binadamu wote. Kumbe mwenyewe sikujijua, na nakiri hapa kwa sababu mtaani siwezi.

Kosa langu ni hili: nilimfukuzisha binti wa watu chuo kwa ajili ya utani.

Kiwanda changu kinapakana na chuo. Kwenye mpaka kulikuwa na ghala lao tupu, nami nililitaka nilikodi niweke saruji. Wanafunzi nao wakalitaka. Pale kuna Wamakonde, Wapemba, Wahaya, Warundi, Wakomoro, na walisema wamechoka kila mtu kula chakula cha kwao chumbani amejifungia kama mwizi. Walitaka nyumba ya tamaduni zote: jiko moja, ngoma zote, na mahali pa kukaa wakazungumza. Wakakusanya saini kwenye karatasi za daftari, wakazishona kwa uzi na kuzitundika kwenye uzio. Kila nikipita na lori naona zimeongezeka. Roho inaniuma.

Uongozi wa chuo ukaita kikao, na sisi majirani tukaalikwa. Nilisimama nikaeleza nilikotoka na nilikofika, robo saa nzima. Nilipokaa akasimama katibu wa wanafunzi, binti wa Kinyamwezi. Nitamwita Kabula, si jina lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba ni Mkwere?" Akauliza kama vile hajui.

"Mkwere kabisa."

"Basi mtani tusidanganyane. Babu yangu alipofika Bagamoyo na mzigo kichwani, alimwachia babu yako furushi la chumvi amtunzie. Mpaka leo hatujaliona. Tukuachie na ghala?"

Ukumbi ulicheka mpaka mkuu wa chuo akavua miwani kufuta machozi.

Sasa mimi utani naujua. Mkwere na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Atakutukana hata msibani, nawe unatoa hela huku unacheka. Mama yangu alikuwa na mtani wake, Bi Milembe, Mnyamwezi muuza mihogo ya kukaanga, na walitukanana miaka thelathini. Kabula mwenyewe alikuwa akipita nyumbani kumpora mama ndizi jikoni, na mama akimwita "mwizi wangu". Yote hayo niliyajua. Lakini nilichekwa mbele za watu.

Kesho yake nikaenda steshenari kuandikiwa barua ya kwenda chuoni. Nikamweleza dada wa pale. Akaacha kuchapa.

"Baba, huo si utani?"

"Andika tusi la kabila," nikamwambia. "Na andika kwamba hiyo nyumba yao itawaletea ukabila. Ushahidi ndio huo."

Niliusema uongo huo nikiwa nimekaa kitako, natafuna karanga.

Barua ilifanya kazi. Kabula akasimamishwa mwaka mzima, saini zikavuliwa kwenye uzio, ghala nikapewa mimi. Siku anaondoka na begi lake nilisimama getini makusudi. "Haya mtani, kadai chumvi yenu Tabora." Nililala usingizi mtamu, nisiwadanganye.

Mama akawa ananiuliza, "Mwizi wangu mbona haji?" Namwambia yuko kwenye mitihani.

Baadaye mama akaugua, akafariki. Alikuwa ameniusia: "Nikitolewa mlangoni bila mtani kunizuia, mtakuwa mmenitoa kama takataka." Kwetu ndivyo. Mtani analala kizingitini, maiti haitoki mpaka alipwe.

Wanaume wakanyanyua jeneza. Noti nimeshazishika mfukoni. Bi Milembe amekaa pembeni, kanga kichwani, kimya. Na Wanyamwezi wote waliokuja, kimya.

"Bi Milembe," nikasema, "mzuie basi mtani wako."

"Nimzuie, halafu? Steshenari si iko wazi leo?"

Hakuna aliyecheka. Mama akapita mlango mtupu.

Nikaapa nitamkomesha yule mwanamke. Kibanda chake kiko kwenye kiwanja changu. Hata arobaini haijafika nikaenda kumfukuza. Nikamkuta anakaanga, machozi yanamtoka, na hayakuwa ya moshi.

"Miaka thelathini nimejiandaa kulala pale mlangoni," akasema. "Matusi yote nilikuwa nimeshayapanga. Umeninyima, na mama yako umemnyima. Nitoe kibandani, utaninyima nini tena?"

Sikumtoa. Nilipanda basi mpaka Tabora. Kabula akanipokea kwa adabu zote: shikamoo baba, karibu kiti, pole na msiba. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

"Nitanie basi," nikamwambia.

"Baba, mimi siwezi tena kulipa."

Nilirudi nikaandika barua nyingine, kwa mkono wangu, herufi zimepinda kama kuku amepita, nikakiri kwamba nilisema uongo. Akarudishwa. Saini zikatundikwa upya. Ghala nikaliachia, na kodi niliyolipa sikuidai. Nikaliezeka mabati mapya, na mwaka alioupoteza nikamlipia ada.

Siku ya kufungua ile nyumba, kumenukia vyakula nisivyovijua majina, Kabula akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mkwere, hupiti. Chumvi ya babu iko wapi?"

Nikalipa, na nimeapa kulipiza: siku ya harusi yake sufuria la pilau nalibeba mimi, na Bi Milembe kanikubalia kushika upande wa pili. Lakini mlango wa mama haulipiki. Ndugu yangu unayesoma, ukichekwa cheka nawe. Usiende steshenari na hasira.

Kwa jumla, na nauli ya Tabora humo, utani ule umenigharimu shilingi milioni tisa, laki mbili, elfu hamsini na mia tano. Ile mia tano ni ya chumvi.