Vijua Viwili kwenye Kikombe Kimoja

Ukitaka kumjua Conjesta, nenda Makambako ukanunue dawa ukiwa na haraka. Hiyo haraka utaiacha hapo hapo dirishani. Utamkuta mama wa miaka hamsini na nne, mfupi, sweta la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, na hakupi kidonge hata kimoja mpaka umrudie mwenyewe, kwa sauti, utameza vingapi na saa ngapi. Madereva wa malori hununa. Wengine husema huyu mama ana maringo. Yeye huwasikiliza huku amekishika kiboksi mkononi, anasubiri.

"Dawa siyo pipi," huwaambia. Basi, mjadala umeisha.

Kabla ya kufungua hilo duka la dawa alikuwa muuguzi msaidizi kwenye wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya misheni, miaka kumi na tisa. Huko ndiko alikogundua kwamba wazee wengi wanaopokea dawa huku wakiitikia kwa kichwa hawajui kusoma kilichoandikwa, na wanaona aibu kusema. Hakuwasema. Alichukua kalamu akaanza kuchora. Kijua kinachochungulia juu ya mlima, hiyo asubuhi. Jua la duara lenye miale, mchana. Mwezi mwembamba, jioni. Mpaka leo ukiingia nyumba nyingi za Igwachanya na Njombe utakuta viboksi vyenye vijua vya Conjesta, na bibi asiyejua hata herufi moja anazimeza dawa zake sawasawa. Kwa hilo tu, mimi ningempa nishani.

Lakini hivyo vijua ndivyo vilivyokuja kumtia majaribuni.

Letisia wa kijiji cha Yakobi alikuwa mgonjwa wake tangu wodini. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wazee wa milimani wanaufahamu vizuri, nao ulikuwa umekua mpaka ukambana pumzi. Madaktari waliiondoa tezi yote. Tangu siku hiyo Letisia humeza kila siku kidonge kimoja kidogo cheupe kinachofanya kazi ya ile tezi, na atakimeza maisha yake yote. Usiku ule wa kwanza baada ya upasuaji Conjesta alimshika mkono, na kwa sababu hiyo Letisia hakutaka kununua dawa mahali pengine. Kila miezi mitatu alipanda gari kutoka Njombe mpaka Makambako, akapokea dawa zake, akapiga soga kidogo, akarudi kwenye viazi vyake. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na watu waliijua kabla ya kumwona.

Mwezi wa tatu mwaka jana alimnong'oneza Conjesta kwamba choo kimekuwa kigumu. Conjesta akampa kopo la unga wa nyuzinyuzi, ule unaolainisha tumbo, akamsisitizia maji mengi. Akachora juu ya kopo kijua cha mlimani. Jambo dogo kabisa, alilokuwa amewafanyia watu wengi.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mrama. Mwezi wa tano Letisia alikuwa amevimba uso, anavaa makoti mawili jua likiwaka, anasinzia shambani ameegemea jembe. Daktari alimpima damu, akaona dawa imepungua mwilini, akamwongezea dozi. Mwezi wa nane akamwongezea tena. Wapi. Nywele zilidondoka, choo kikazidi kuwa kigumu, na kwa vile choo kilizidi akaongeza kijiko cha pili cha ule unga, halafu cha tatu. Majirani walianza kusema ni mvivu. Mumewe, Yohanes, akawa analima peke yake, na safari za Makambako kufuata dawa na unga akazichukua yeye.

Siku moja simu ya Conjesta ikaita. Akasikia sauti nzito, ya kukwaruza, akadhani ni mwanamume.

"Nani mwenzangu?"

"Dada, ni mimi Letisia. Nimepiga kukuaga kwa wema. Jumatatu hizi dawa naziacha. Nimeze nisimeze, ni yale yale."

Conjesta akaikaza simu sikioni. Alijua kinachompata mtu asiye na tezi akiacha kile kidonge. Hafi kesho. Anapoa polepole, moyo unapunguza mwendo, mpaka siku moja wanamwamsha na haamki.

"Mdogo wangu," akasema, "nipe mpaka Jumapili. Nakuja."

Alifunga duka Jumamosi mchana, akafika Yakobi jua likizama, akaomba kulala. Alitaka kuiona asubuhi yao ilivyo. Alishamuuliza Letisia kila kitu kwa simu: anazihifadhi wapi, anasahau siku ngapi, kuna dawa za kienyeji? Majibu yote yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Alfajiri, baridi ya Yakobi ikiwa bado imekaa uani, aliamka akajikunyata karibu na moto jikoni. Bibi Hosiana, mama mkwe wa Letisia, alikuwa ameshaamka. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, na kazi ya kumpa mkwewe dawa hakumwachia mtu yeyote.

"Kamwene mama."

"Kamwene mwanangu. Kaa upate joto."

Conjesta akakaa akatazama. Bibi alimimina uji wa ulezi kwenye kikombe kikubwa cha bati. Akakitwanga kile kidonge cheupe kwa kisigino cha kijiko, maana tangu apasuliwe Letisia huona koo limebana, akakikorogea ndani ya uji. Akatia kidonge chekundu cha kuongeza damu walichopewa kliniki. Kisha akafungua kopo, akachota vijiko vitatu vya unga wa nyuzinyuzi, akakoroga na hivyo pia. Akaacha kijiko. Kijiko kilisimama chenyewe katikati ya kikombe.

Letisia aliingia amejifunga shuka, akapiga goti kidogo, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Mkwe hakatai anachopewa na mama mkwe, wala hakiweki chini kwanza. Alikuwa ameshakiinua mdomoni.

"Ngoja mdogo wangu," Conjesta akasema. "Usinywe."

Bibi Hosiana alikunja uso.

"Mama, naomba nikuulize. Kwa nini vyote umevitia pamoja?"

Bibi akanyoosha kidole kwenye kirafu. Kiboksi na kopo vilikuwa vimekaa bega kwa bega, kila kimoja na kijua kinachochungulia juu ya mlima, kalamu ile ile, mkono ule ule.

"Si wewe umechora? Jua hili na jua hili ni moja. Nikasema, basi wakati ni mmoja. Na dawa tumbo tupu inaunguza, uji lazima."

Sasa nisikilize. Hapo Conjesta angeweza kutoka kirahisi sana. Angesema, bibi, nani alikwambia utwange kidonge? Nani alikwambia vijiko vitatu? Kila mtu pale angemwamini yeye, maana ndiye aliyesomea. Jina lake Makambako lingebaki jeupe. Wengi wetu ndivyo tungefanya, tusidanganyane.

Conjesta akapiga moyo konde.

"Ni mimi," akasema. "Mama, wewe ulifuata nilichochora. Kosa ni langu."

Akawaeleza, bila kumung'unya maneno. Ule unga ukikutana na maji unakuwa ute mzito. Dawa ikiwa humo ndani inanasa, inasafiri na ute mpaka chooni, na damu inapata chembe tu. Dawa ikipungua, sauti inakwaruza, utumbo unafanya kazi polepole, choo kinakuwa kigumu. Mtu anaongeza unga, na unga unaizuia dawa zaidi. Kile kidonge chekundu nacho hakipatani na cheupe kikikutana tumboni. Hata uji wenyewe ungepaswa kusubiri.

Bibi Hosiana alikaa kwenye kigoda. Machozi yalimtoka.

"Miezi sita," akasema. "Miezi sita namnyima mtoto dawa kwa mkono wangu."

"Kwa mchoro wangu, mama," Conjesta akamrekebisha. Na yeye alikuwa analia.

Walipotulia, wakapanga upya. Kidonge cheupe kitamezwa kizima, mara Letisia afunguapo macho, kwa maji matupu. Uji baada ya saa nzima, bila unga. Kidonge chekundu mchana. Unga jioni, kijiko kimoja, na maji vikombe viwili. Conjesta alibandika plasta juu ya kijua cha kopo, akachora mwezi. Kwenye kiboksi, pembeni ya kijua, akachora kikombe na tone la maji.

"Dozi mimi sigusi," akasema. "Jumatatu nendeni kwa daktari. Aliongeza kwa sababu hakujua haya, na sasa inaweza ikamzidia." Akaandika barua kwa daktari huyo huyo, akaeleza kosa lilivyotokea, akatia jina lake kamili na namba ya simu. Letisia alimwangalia akiandika mpaka mwisho.

"Dada," akamwambia mlangoni, kwa ile sauti ya kukwaruza, "nitaendelea. Lakini nikishindwa tena, usinibembeleze."

Conjesta alirudi Makambako na maneno hayo. Jumatatu alianza kumuuliza kila mteja swali jipya, na foleni ikawa ndefu zaidi. Wiki ya pili Yohanes alipiga akasema daktari ameipokea barua, amepunguza dozi, anataka kumpima damu tena baada ya wiki sita. Baada ya hapo, kimya. Conjesta hakupiga. Alisema hana haki ya kumsumbua mtu aliyemuumiza. Lakini simu aliiweka kaunta, kioo juu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, dereva mmoja wa lori alikuwa dirishani anadai vidonge vyake vya presha, simu ikaita. Namba haikuonyesha jina.

"Kamwene dada," ikasema sauti ya mwanamke, nyembamba, safi.

"Kamwene. Nani mwenzangu?"

Upande wa pili mtu akacheka. "Umenisahau mara hii? Ni mimi, Letisia."

Conjesta alijiketisha kwenye katoni la dripu. Alisikiliza muda mrefu, akakata simu, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Mama, mimi nina haraka," dereva akasema.

"Najua," akamjibu, akainuka na kuchukua kalamu. "Hiki unakimeza na nini?"