Mtu Aliyetupikia Vitani

Kila mwaka, ikifika tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tano kamili ya asubuhi, kengele hupigwa pale stesheni ya Voi na kazi yote husimama. Mwenye sururu huiweka chini, mwenye kofia huivua, hata dereva wa injini hukaa bila kugusa kitu. Tunaambiwa tunyamaze tuwakumbuke waliokufa katika vita vikuu. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nikanyamaza, na wa tatu. Mwaka wa nne nilishindwa, na wapo hadi leo wanaosema nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilikasirika.

Siku hiyo alikuja mkubwa mmoja kwa gari la moshi kutoka pwani, akapanda juu ya sanduku, na karani akasimama kando yake kututafsiria. Alisema kwamba wenzetu walianguka kishujaa kwa risasi za adui. Kisha akasema sisi tuliorudi tuishukuru Serikali iliyotulisha na kututunza mpaka vita vikaisha. Msimamizi wetu wa reli akatugeukia akapunga mkono, maana yake tuseme asante kwa pamoja. Wenzangu wakasema.

Iliyotulisha! Neno hilo lilinipanda kichwani nikaona giza. Niliweka sururu begani nikaondoka mbele ya macho yao wote. Msimamizi aliniita mara mbili. Kama angeniita mara ya tatu sijui ningefanya nini na ile sururu.

Mimi nilikuwa Kariakoo, mchukuzi wa mizigo ya jeshi. Nilikamatwa nyumbani Wusi pamoja na vijana wengine wa milimani, tukateremshwa hadi Voi, tukachanganywa na watu wa kila kabila: Wakamba, watu wa ziwani, watu wa mlima wa Kenya. Waliotupanga walitugawa kumi kumi. Kila kundi la watu kumi lilipewa sufuria moja, mwiko mmoja, unga wa mahindi uliojaa chenga, na chumvi kidogo. Haya, pikeni.

Nani apike? Hilo ndilo swali ambalo hakuna bwana mkubwa hata mmoja aliyejiuliza, na hadi naingia kaburini sitawasamehe kwa hilo. Kwetu mwanamume haingii jikoni ila kuomba moto. Tangu nizaliwe nilikuwa sijashika mwiko. Na wale wenzangu tisa, karibu wote, walikuwa vivyo hivyo: wamezaliwa, wamelishwa na mama, wamelishwa na dada, wameoa wakalishwa na mke. Ugali walijua kuula. Wengine hata kuula hawakuzoea, maana kwao ni ndizi na viazi. Jeshi zima la wanaume wasiojua kupika likakabidhiwa unga mbichi na kuambiwa hicho ndicho chakula.

Tulipika kama tulivyoweza. Maji yakianza tu kupata moto tunamimina unga, tunakoroga mara tatu, tunakula kwa pupa kwa sababu tumetembea tangu alfajiri na njaa imetushika. Usiku tumbo linajaa, asubuhi mtu anachepuka vichakani, kesho yake anachepuka tena, na mwishowe anatoka damu. Tulisema ni maji. Tulisema Wajerumani wameroga visima. Kundi lililokuwa likilala karibu na letu lilizika watu wanne, na wakati huo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikia mlio wa bunduki. Risasi za adui!

Katika kundi letu alikuwamo mtu mmoja wa Mahoo, upande wa Taveta. Wajerumani walipoingia kwao alikimbilia upande wetu pamoja na mama yake mjane, naye akakamatwa huko huko ukimbizini. Alikuwa mfupi, mkimya, hana makuu. Kwa siku kadhaa alitutazama tu tukiharibu unga. Jioni moja akasimama akamnyang'anya mwiko aliyekuwa nao.

"Nyinyi hamli chakula," akasema. "Mnakula unga."

"Basi pika wewe, mke wetu," mmoja akamjibu, na sote tukacheka.

Akapika. Alingoja maji yachemke hasa, akatia unga kidogo kidogo, akasonga, akageuza, akasonga tena, akapunguza moto, akafunika. Sisi tumekaa tumemeza mate. Aliyenyoosha mkono alipigwa mwiko wa vidole. Alinusa, akabonyeza kwa kidole, akasema bado. Tukamtukana yeye na ukoo wake wote. Akasema bado. Alipopakua, ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani kula kitu kilichofanana na chakula, na usiku ule nililala hadi asubuhi bila kuamka.

Tangu siku hiyo akawa mpishi wetu, nasi tukaendelea kumwita mke wetu, kwa sababu shukrani zetu zilikuwa za namna hiyo. Baadaye aliniambia, mimi peke yangu, kwamba baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, dada hakuwa naye, na mama yake alipougua miguu yeye ndiye aliyepika. Mama yake alimfundisha akiwa amelala kitandani, akimwelekeza kwa maneno. Alinisihi nisiwaambie wengine. Aliona haya. Mtu ametuokoa tusife, na anaona haya!

Shida ilikuwa kuni. Ugali wa kuiva unataka moto wa kudumu, na kule nyikani, tukifika kambini jioni, wa mbele wameshamaliza kila kijiti. Tena giza likianza kuingia firimbi hupigwa, moto wote uzimwe, adui asituone. Basi akatuomba kila mtu aokote kijiti kimoja njiani, akiweke juu ya mzigo. Mnyapara alipoona vile vijiti akasema kama tuna nguvu za kubeba kuni basi mizigo yetu ni myepesi, akatuongezea. Mpishi wetu hakubishana. Kesho yake akasema kila mtu ashike fimbo ya kutembelea. Mnyapara angesema nini? Mchana tulizikongojea kama wazee, jioni tukazikata tukazichoma, asubuhi tukatafuta nyingine. Katika yote niliyoyaona vitani, hilo ndilo pekee lililonichekesha.

Sasa nafika mahali ambapo hasira yangu haina mwingine wa kumwendea ila mimi.

Siku moja, tukiwa tumeipita Bura tunaelekea Maktau, kundi lingine lilitupita likaanza kutudhihaki. "Mke wenu amewatuma kuni? Na maji je, hakuwatuma?" Walikuwamo vijana wawili wa milimani kwetu, wanaojua nyumbani kwa baba yangu. Uso uliniwaka. Nikaitupa fimbo yangu vichakani ili waone. Wawili wengine wa kundi letu waliponiona nao wakatupa zao.

Jioni moto ulikuwa hafifu. Firimbi ikapigwa na ugali haujaiva. Nilimwambia, "Pakua hivyo hivyo, siku moja haitatuua." Alifukia makaa kwa mchanga kiasi cha kuficha mwanga, akaketi mbele yake kuyakinga kwa mwili wake. Askari akaja akaukuta moshi. Asubuhi mpishi wetu alichapwa viboko mbele yetu, halafu akahamishiwa kundi la kubeba masanduku ya risasi. Kabla hawajamtoa alinipa mwiko. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pika wewe. Umeshaona." Afadhali angenitemea mate.

Nilipika. Niliwapiga vidole, nikatukanwa, nikaitwa mke. Kati ya sisi tisa tuliobaki, sita tulirudi makwetu, na hao sita walirudi kwa sababu ya mtu wa Mahoo, si kwa sababu ya Serikali wala ya maombi ya mtu yeyote.

Yeye nilimwona tena Voi. Nilikuwa nimeletwa kupakua mabehewa, nikapita kwenye mahema ya wachukuzi wagonjwa, nikamkuta amelala chini juu ya gunia, amebaki mifupa. Kule alikohamishiwa walikuwa wakila unga mbichi, naye hakupewa mwiko. Mgeni haaminiwi sufuria. Alikula walichokula. Nilikimbia nikaomba unga, nikampikia uji, nikamlisha kwa mkono. Alionja kidogo akafumba macho. "Bado," akasema. "Rudisha jikoni." Nikarudisha. Nilipouleta tena alikunywa vijiko vitatu. Alikufa siku ya pili mchana, watu wakapita na machela wakamchukua, na sikuruhusiwa kufuata kuona anazikwa wapi.

Alikuwa ameniambia nyumbani kwa mama yake ni wapi. Miaka ikapita sikwenda. Nilijitia shughuli: reli, shamba, kuoa. Ukweli ni kwamba nilimwogopa yule mama kwa sababu ya ile fimbo.

Siku ile nilipoondoka stesheni sikwenda nyumbani. Nilishika njia ya Taveta kwa miguu, na siku ya nne nikaingia Mahoo. Nilimkuta mama kwenye migomba yake akizibua mfereji kwa jembe, mzee, miguu imevimba, peke yake. Nilipomwambia nilikuwa na mwanawe vitani alikaa chini pale pale kwenye tope.

"Alipigwa wapi?" akauliza.

"Hakupigwa, mama. Ni tumbo."

Aliinamisha kichwa. "Basi shemeji zangu walisema kweli. Waliniambia nimemharibu mtoto. Mwanamume aliyelelewa jikoni hawezi vita. Miaka yote hii wananiambia mimi ndiye niliyemuua."

Nilisahau woga wangu wote, kwa jinsi damu ilivyonichemka. Nilimweleza kila kitu, kwa sauti kubwa mpaka majirani wakasogea kwenye ua: unga, sufuria, mwiko wa vidole, fimbo za kutembelea. Nilimwambia watu sita wako hai kwa sababu yeye alilala kitandani akamfundisha mtoto wa kiume kusonga ugali. Nilimwambia nimekuja kusema asante, na kwamba asante yangu ni yake, hakuna mwingine anayeidai. Kisha nikamweleza na fimbo yangu niliyoitupa. Sauti yangu haikuwa kubwa tena.

Nilingoja anifukuze.

"Na huko walikompeleka," akasema, "hakukuwa na mtu wa kumpikia?"

"Hakukuwa na mtu, mama."

Alilia hapo. Alilia kwa sauti, nami nikalia, na wale majirani wakaondoka mmoja mmoja. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akanitazama kama anayetaka kununua kitu na ana shaka nacho.

"Wewe sasa unajua kupika."

"Najua."

"Mkeo huwa anakula ugali wako?"

Tangu nirudi Wusi sikuwahi kugusa mwiko. Mke wangu hakujua. Baba yangu hakujua. Nilikuwa nimewaambia juu ya mizinga na simba wa Tsavo, na mengine niliyatia chumvi. Juu ya sufuria sikuwahi kutamka neno. Nilimkasirikia bwana mkubwa juu ya sanduku lake, nikamkasirikia karani, msimamizi, mnyapara, shemeji za yule mama. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimemficha mtu wa Mahoo ndani ya nyumba yangu kama aibu.

"Mwanangu," akasema, "usinishukuru mimi halafu ukanionea haya."

Nililala kwake siku mbili nikamzibulia mfereji wake, kisha nikarudi. Kazi ya reli nilikuta amepewa mtu mwingine. Sikuisikitikia.

Nilifika nyumbani mchana, nikamkuta mke wangu amebandika maji. Nilimwambia anipishe. Alidhani nimepata homa njiani. Nilipoanza kusonga alitoka nje akarudi, akatoka tena, kisha akafunga mlango ili baba asione, nikaufungua. Baba alikuja akasimama mlangoni na bakora yake, akaniuliza kama nimerogwa Taveta. Nikamwambia angoje, bado. Akakasirika akaondoka, na siku ile hakula chakula changu, wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa.

Mke wangu alikula. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, akinitazama. Kisha akaniuliza, "Baba watoto, nani alikufundisha?"

Nikamtaja kwa jina. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kusikika ndani ya nyumba yangu.