Mzee wa Nyumba Hali Samaki, Basi Nani Ananirudishia Miiba?

Admin, jina langu libaki kwako, maana huyu mtu ana jamaa zake humu ndani. Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa mwaka na nusu, sina mume. Kwetu ni kule ziwani. Miezi minne iliyopita nilipata kazi ya ofisi katika kiwanda cha majani chai huku upande wa Kericho, nikahama na mtoto bila kumjua mtu hata mmoja.

Nashukuru Mungu nilipata mama mwenye nyumba ambaye ana utu. Tunamwita Kogo, yaani nyanya. Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Mama Hawi, maid ni wa nini na mimi niko? Wacha mtoto hapa, wewe enda kazi." Tena ana friza kubwa kwenye stoo, ya wakati alipokuwa akiuza maziwa, akanipa nusu yake. Kwa hivyo Jumamosi napika chakula cha wiki nzima: maharagwe, ndengu, na samaki ambao dada yangu hunitumia kutoka nyumbani. Naweka kwenye mikebe, nabandika siku, nagandisha. Nikitoka kazini jioni nimechoka, ni kupasha tu. Mkebe wa mtoto uko kando, samaki nimemtoa miiba nikamponda na viazi mpaka akawa kama uji.

Sasa kuna mume wa Kogo. Ni mzee wa kanisa, anavaa tai hata akienda kukamua ng'ombe. Siku ya kwanza kuona samaki wangu alishika pua mbele ya wapangaji wote. "Hiyo kitu inanuka! Sisi watu wa hapa hatukulangi nyoka ya maji." Watu walicheka, na mimi nikacheka, kwani mgeni atafanya nini? Wazee wengi wa huku hawakulelewa na samaki, kwa hivyo sikuliweka moyoni.

Mwezi wa pili nikaanza kuona mambo. Nafungua mkebe wa Jumatano, samaki wawili wamebaki kichwa na miiba, na mchuzi umekuwa maji maji. Nikajilaumu, nikasema labda nilipakua vibaya kwa uchovu. Tukala hivyo hivyo. Mtoto akaanza kuharisha, nikampeleka kliniki, akapona, akaharisha tena. Daktari aliniuliza kama chakula chake kinayeyuka na kugandishwa tena. Nikaapa kwamba hapana.

Wiki mbili zilizopita mashine ya kiwanda iliharibika, tukaachiliwa mapema. Nilipitia nyuma ya stoo. Nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda juani, mkebe wangu kati ya magoti, tai ameitupa begani isishike mchuzi. Alikuwa amekitoa chakula asubuhi kiyeyuke. Anachukua samaki kwa vidole, ananyonya kichwa mpaka kinalia, anatema miiba ndani ya mkebe. Ndani, jamani! Kisha akainua mkebe wa mtoto wangu, akanywa, akaramba ukingo, akafunika vizuri na kuinuka kuurudisha kwenye friza.

Aliponiona alipangusa mdomo. "Nilikuwa naangalia kama imeharibika."

Nilitapika pale pale kwenye kabeji za Kogo. Miezi miwili nimekuwa nikila mate ya mtu mzima, na kumlisha mwanangu kwa kijiko! Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki natoka nje, mimi niliyezaliwa nikimla. Nilimwaga kila kitu, sikumwambia mtu.

Nilidhani ataona haya. Siku tatu baadaye Kogo alikuja kwangu akilia. "Mzee anasema samaki ndio inaharisha mtoto. Anasema uwache kuleta hapa, ama uhame mwisho wa mwezi." Nikamuuliza, na wewe unaamini? Akanijibu, "Miaka arobaini sijawahi ona huyo mzee akidanganya mtu."

Nikimwambia ukweli, namvunjia mama wa watu ndoa na heshima ya uzeeni, na mwanangu anapoteza mtu pekee anayempenda huku. Na nani atamwamini mgeni dhidi ya mzee wa kanisa? Nikinyamaza, naondoka mimi na jina la mwanamke aliyemtia mtoto wake mwenyewe ugonjwa kwa uchafu.

Jana fellowship ya kanisa ilikuwa kwa Kogo. Walimwita mwanangu katikati. Mzee akamwekea mkono tumboni, akafumba macho, akaamuru ugonjwa utoke kwa huyu mtoto, na watu wote wakaitikia amina. Kogo akaniangalia kwa sababu mimi peke yangu sikuitikia. Amesema kesho atakuja nimweleze ni kwa nini. Ndugu zangu, nishaurini, nimwambie nini?