Kinyago kilivyoniingiza chuo Saint Paul kama mkimbiaji

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, imenikuta mwenyewe miaka ya tisini, na mhusika mwenzangu yumo humu jukwaani. Abishe kama anaweza.

Nilikuwa naishi majuu, mji wa Hopkins jirani na Saint Paul, nasoma kozi ya Kiingereza. Kozi imebakiza mwezi na chuo sina. Bila chuo viza inakufa, narudi Tanga mikono mitupu, na mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe atakuwa injinia.

Nikamlilia roommate wangu, Mkenya mmoja anaitwa Barasa. Akacheka.

"Boss, wacha ku-worry. Kuna assistant coach wa college moja Saint Paul anatafuta runners. Hawa wakisikia East Africa hawaulizi swali ya pili. Mpelekee hicho kinyago cha mpingo ulitoka nacho Tanga, ata-arrange times."

Mimi wa Tanga mjini, wakuu. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzwa na bata bukini.

Nikapeleka kinyago. Yule msaidizi akakigeuzageuza, akakitia kwenye droo, akaniandikia muda wa mita elfu tano ambao hata kwa pikipiki ningetoka jasho. Barua ikaja: nimepokelewa, na scholarship juu.

Mazoezi nilikwepa kwa kila ugonjwa ninaoujua. Head coach, mzungu mpole asiyejua lolote, akasema nisijali, mwili bado unazoea kushuka kutoka milimani. Sikumuuliza milima ipi.

Siku ya race ikafika, kuzunguka ziwa. Mita mia nne za kwanza nilikuwa na wenzangu. Baada ya hapo nikawa na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto, nao wakanipita.

Kwenye kona namwona Mzee Mhina, jirani yetu wa Tanga, anafanya kazi hotelini Bloomington. Amesikia mtoto wa jirani ni mwanariadha, kaja na chupa ya chai kunishangilia.

Sasa mzee kama huyo utampitaje bila salamu? Nikasimama.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Na bibi, mguu wake unaendeleaje?"

Tukapitia ukoo mzima. Kugeuka, head coach yuko nyuma yetu na saa yake ya kupimia muda. Akamuuliza Mzee kama nyumbani nilikuwa nakimbia sana.

Mzee ni mlokole, uongo hauwezi. Akajibu kwa Kiingereza chake safi: "Huyu? Huyu hata dukani alikuwa anatumwa kwa baiskeli."

Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Nikakiri yote.

Msaidizi akafukuzwa, scholarship ikafutwa. Coach akaniombea nibaki kwa sharti: nifagie gym kufidia ada, na kila race nishike ile saa, niandike muda wa kila mtu kama ulivyo. Kinyago nikarudishiwa. Nikakiacha kwa Barasa, sikutaka kukiona.

Mwaka wa tatu akaja freshman mmoja wa kwetu, miguu mizito kama yangu. Ananinong'oneza nimpunguzie dakika mbili, kisha anafungua begi.

Kinyago kile kile.

Muda wake niliuandika kama ulivyo. Kinyago nikabaki nacho, si changu? Kiko hapa sebuleni, kinanitazama nikiandika.

Nilichojifunza: za mwizi arobaini, zangu hazikufika hata mita mia tano.

Barasa, najua unasoma, jitokeze ujitetee. Na nyie mlioingia kwa mlango wa nyuma, semeni mlishikwaje.