Kisu cha Mkono wa Kushoto

Enzi za Mwingereza, kijana wa Njombe aliyetoka nyumbani bila kisu alijiona kama aliyetoka bila suruali. Baridi ya kule ilitulazimisha kuvaa makoti, makoti yalikuwa na mifuko mikubwa, na ndani ya mfuko kulikuwa na kisu. Ukikutana na mtu njiani mnasalimiana, kamwene, kamwene, mnaulizana habari za nyumbani na za mahindi, kisha mmoja anaingiza mkono mfukoni na kuuliza, "Hiki umeshakiona?"

Mimi nilikuwa mgonjwa wa visu kuliko wengi. Nilikuwa nimetoka sekondari, nikaajiriwa ofisini, na baada ya miezi michache nikaacha kiti na kupanda malori yaliyokuwa yakienda na kurudi kati ya Njombe na Makambako. Sijui kukaa. Hata sasa, nimepita miaka arobaini na nywele zinaanza kunikimbia, nikisikia lori linapanda mlima nasimama. Lakini popote nilipokwenda visu vyangu vilikwenda nami. Kimoja kilikuwa cha kukunja, cha dukani, chenye mpini wa pembe nyeusi, na sauti yake kilipofungwa ilinifurahisha kama sauti ya mlango wa nyumbani. Kingine nilikipata kwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma. Kilikuwa na kifungulia makopo na msumari mnene wa kulegezea mafundo ya kamba, na kilikuwa kizito mpaka kilivuta koti upande mmoja. Cha tatu ndicho nilichokipenda zaidi. Fundi mmoja wa Makambako alikifua kutoka kwenye springi iliyovunjika ya lori. Alikinoa upande mmoja tu, kama patasi, na kwenye mpini akachonga kishimo cha kukaa kidole gumba. Ukikishika, kidole kinaanguka mahali pake chenyewe.

Pale Makambako, malori yaliposimama kusubiri abiria au kupoza injini, wapenzi wa visu tulichuchumaa kuzunguka gunia na kutandaza tulivyo navyo. Kulikuwa na adabu yake. Kisu cha mwenzako hukipokei mkononi. Anakilaza kwenye gunia nawe unakiokota. Hugusi makali kwa kidole bila ruhusa. Ukiruhusiwa, unayajaribu kwa kunyoa malaika, vile vinyweleo vya mkono. Kwa sababu hiyo tulijuana hata sokoni, kati ya watu wengi: mkono wa kushoto wa mpenzi wa visu ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga.

Kwenye duara lile nilikuwa na rafiki, mbambuaji wa magome kwenye shamba la miwati huko Njombe. Alikuwa na jicho la ajabu. Alikuwa akikiangalia kisu kikiwa bado kimelala na kusema kimechomwa moto kupita kiasi, au mpini utapasuka kiangazi, na ikawa hivyo. Lakini mwenyewe hakuwa na kisu cha maana, ila kijembe cha dukani chenye bapa linalocheza. Tulimtania kwamba anajua bei za ng'ombe wote na hana hata ndama. Alicheka tu. Sababu niliijua mimi peke yangu: alikuwa na mashoto. Shuleni walimfunga mkono ule wa kushoto kwa kamba mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia, na tangu hapo alikula, alisalimia na kupokea kwa mkono wa kulia mbele za watu. Visu vyetu vya kufuliwa vilikuwa vya mkono wa kulia, vilivyonolewa upande mmoja na vyenye vishimo vya gumba. Vikiwa mkononi mwake vilikwenda upande, kama punda asiyekubali njia.

Kisha akampenda binti wa kijiji kilichopo kati ya Njombe na Makambako, na binti akampenda. Baba yake binti alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba yake mdogo, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Juu yake kulikuwa na mama yake, bibi wa binti. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mchumba akifika ukweni, mbuzi anachinjwa, na nyama ikiiva yeye ndiye anayewakatia wakwe, kwa kisu chake mwenyewe. Walisema mtu anaweza kuazima koti na viatu, hata maneno ya kusema, lakini kisu kitasema ukweli.

Rafiki yangu alikosa usingizi. Kisu hakikuwa tatizo kubwa, alisema. Tatizo ni mkono. Kule kwetu watu waliamini kwamba mkono wa kushoto ukiingia kwenye chakula, baraka inatoka. Wakijua, watamkataa, na binti ataolewa na mwingine. Akaniomba kisu changu cha springi. Atakata kwa mkono wa kulia, polepole, na itapita. Nilimpa, nikafuatana naye.

Tulipokelewa vizuri. Kulikuwa na ukungu, moto ulikuwa mkubwa, na nyama ililetwa kwenye ubao ikitoa mvuke. Bibi alikaa karibu kabisa na ubao. Kama ilivyo kwa bibi na mchumba wa mjukuu, utani ulianza pale pale. Alimwita "mume wangu", akalalamika kwamba mjukuu wake anataka kumwibia. Rafiki yangu alijibu vizuri mpaka aliposhika kisu.

Mkono wa kulia ulikuwa unaandika, lakini haukujua nyama. Nyama ilichanika badala ya kukatika.

"Mume wangu," bibi akasema, "unaikata au unaipapasa?"

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, jasho likimtoka, na katika kucheka akajisahau: kisu kikahamia mkono wa kushoto. Kwa mkono ule angeweza kukata uzi hewani, lakini kisu kilikuwa changu. Kilikwenda pembeni, kikaacha nyama na kung'oa kibanzi cha ubao.

Kicheko kilikatika. Bibi alimwambia alete mikono. Akamkunjia mikono ya koti, akaitazama mikono yake yote miwili kwenye mwanga wa moto. Na yeye alikuwa mtu wa visu. Alikuwa na chake kidogo cha kuvunia ulezi, kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Huyu amenyoa mkono wa kulia," aliwaambia watu. "Sasa niambieni, aliunyoa kwa mkono gani?"

Baba mdogo aliweka chini kikombe cha chai. "Kwa hiyo kisu si chake, na mkono aliotuletea si wake."

Nilifikiri rafiki yangu atatafuta uongo. Nilikuwa na mmoja tayari, kwamba ameumia kazini. Hakunitazama. "Kisu ni cha huyu mwenzangu, baba," alisema. "Mkono ni wangu. Niliogopa kuja nao."

Baba mdogo alisema kwamba nyumbani kwake chakula hakiguswi na mkono wa kushoto, na kwa sauti yake ilionekana maneno yamekwisha. Nilianza kutafuta kofia yangu. Ndipo bibi akamkumbusha mwanawe kwamba desturi inasema kisu cha mtu mwenyewe, na yeye hajawahi kusikia ikitaja mkono. Huyu kijana hajakata bado. Aende akatafute kisu chake, arudi kabla ulezi haujavunwa, ndipo waseme watakayosema.

Tulikwenda Mlangali. Sehemu ya njia tulipanda lori la mahindi na sehemu tulitembea, kupitia vilima ambavyo bado naviota. Kule, katika nchi ya Wapangwa, kulikuwa na mhunzi mzee ambaye baba yake aliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe, kabla majembe ya dukani hayajafika. Alitusikiliza huku anatafuna hindi la kuchoma. Rafiki yangu alianza kueleza habari ya mkono kwa kuzunguka, kwa aibu. Mzee hakumngoja amalize, alimrushia hindi. Mkono wa kushoto ukalidaka.

"Haya, nimeuona," mzee alisema. "Sasa nyamaza uvukute."

Malipo yalikuwa kazi. Rafiki yangu alipuliza moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kubeba mkaa, nami niliokota kuni na kutazama. Sijawahi kutazama kitu kwa furaha kama ile. Mzee alichukua jembe la zamani, lile la chuma cha baba yake, lililokuwa limelika mpaka likabaki kama ulimi. Alilikunja kwenye moto, akalipiga, akalikunja tena. Hakupiga kwa nguvu. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Kila mara alisimama, akautwaa mkono wa kushoto wa rafiki yangu, akaubonyeza kwenye kiganja, akarudi kwenye fuawe. Mpini aliuchonga kwa mti mwekundu wa mlimani, na makali akayatoa upande ambao mimi sijawahi kuyaona.

Kilipokwisha alikilaza kwenye jiwe. Mimi nilikiokota kwanza, sikuweza kujizuia. Bapa lilikuwa na mistari myembamba kama maji yanayokwenda, na uzito wote ulikuwa nyuma, karibu na ngumi. Nilitafuta mahali pa kuweka gumba langu sikupaona. Nikakilaza. Rafiki yangu akakichukua, na kikaingia mkononi mwake bila yeye kukipanga. Alivifunga vidole kwenye mpini, akavifungua, akavifunga tena. Mzee naye alijifanya anatafuta koleo.

Tulirudi ulezi ukiwa bado mashambani. Mbuzi mwingine, moto ule ule, na baba mdogo na kikombe chake. Rafiki yangu alinawa mikono yote miwili mbele ya watu. Akatoa kisu alani kwa mkono wa kushoto. Mtu mmoja nyuma yangu aliguna.

Akakata. Nyama ilifunguka kama inayofunguliwa kwa ufunguo, vipande vya unene mmoja, mfupa ukabaki safi. Ini alilikata jembamba, akalaza kisu, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha rafiki yangu akamkatia kila mtu, ila baba mdogo, ambaye aliinua kiganja kukataa na kuomba akione hicho kisu.

Kililazwa kwenye ubao. Alikiokota kwa mkono wa kulia, akakigeuza, akajaribu kujikatia kipande chake. Makali yakakimbilia pembeni. Akajaribu tena, kwa nguvu, nyama ikateleza mpaka ukingoni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alikitazama kile kisu kwa muda, na niliona usoni mwake kitu nilichokijua, kwa sababu hata mimi kilinipata kule Mlangali: alikuwa amekipenda. Akakilaza kwa uangalifu, na kuusukuma ubao kuelekea kwa rafiki yangu.

"Basi nikatie, mkwe," alisema.

"Mkatie vidogo," bibi akasema. "Meno yake ni ya mzee wa kanisa, yanafanya kazi Jumapili tu."