Zamu Yetu ya Kumuaga Mama

Kazi yangu ni kamera. Kanisani kwetu Tabora mjini ndimi ninayerusha ibada mtandaoni kila Jumapili, wagonjwa na wasafiri wasali nasi, hata wavivu walio kitandani. Nimerusha ndoa za watu, nimerusha misiba ya watu. Wa kwangu ukanishinda. Mganga hajigangi, wanasema. Waseme tu.

Mama alifia hospitali, tukamrudisha nyumbani Ipole kumzika. Tuko wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa, na dada yuko Maskati anafanya kazi za ndani. Pasipoti iko kwa bosi wake. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, nionyeshe uso wa mayo. Sitaki kingine. Nimuage na mimi." Mayo ndivyo tulivyomwita mama tangu utoto, Kinyamwezi cha nyumbani. Kule aliko simu za video hazipiti, lakini ibada yetu anaitazama kila Jumapili. Nikamwambia, "Dada, utamuona. Nikishindwa hilo, kamera hii naitupa chooni."

Ipole mtandao ni wa kubembeleza. Nilifunga simu kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nikausimika nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, huko angalau unashika. Kamera nikaiweka kwenye stendi mbele ya turubai, waya ukaenda kwenye kompyuta.

Kwetu kuaga kuna mpangilio. Majirani kwanza, halafu ndugu, watoto wa marehemu mwisho, na kitinda mimba ndiye wa mwisho kabisa. Akishapita yeye, jeneza linafungwa. Nilipanga zamu yetu ikifika ninyanyue kamera, nisogee nayo, tumuage mama pamoja mimi na dada. Nilimfuata mjomba mapema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una shida gani?"

Nikamweleza. Alinitazama kama nimeomba kupitisha ng'ombe sebuleni, lakini akakubali.

Ibada ikaanza. Dada alikuwa akiandika chini ya picha: "Nawaona." "Naona kofia ya mjomba." "Kwaya wamependeza." Moyo wangu ukatulia. Mchungaji akahubiri, jeneza likafunuliwa upande wa uso, foleni ikaanza kusogea taratibu, kwaya ikiimba kwa midomo yao wenyewe.

Kumbe walikuwa wameniandalia jambo. Mama mmoja wa kwaya, rafiki kipenzi wa mama yangu, akamwashiria mwenye spika, na yule akachomeka flashi. Ukalia wimbo aliokuwa akiupenda mama, wimbo wa kwaya moja maarufu, ule aliousikiliza redioni akichambua tumbaku. Watu wakaangua kilio. Wimbo wa wenyewe, wenye hakimiliki, ukipigwa kwenye spika, mtandao unautambua na kukukatia matangazo hapo hapo. Mjini nimegombana na wanakwaya juu ya hilo mpaka wananiita askari magereza. Ipole sikumwonya mtu. Nani angewaza?

"Zimeni!" nilipiga kelele. "Jamani, zimeni huo wimbo!"

Yule mama akaja kunikumbatia. "Lia, baba, lia tu. Usijizuie."

"Silii!" nikamfokea. "Zimeni!"

Kwenye kompyuta picha ilikuwa imeshakufa. Lilikuwepo tangazo la Kiingereza kwamba nimesimamishwa, na chini yake maneno ya dada: "Mbona giza? Mdogo wangu, mbona giza?"

Nikajaribu kufungua upya, nimezuiwa. Nikajaribu kwa akaunti ya mke wangu, mduara ukawa unazunguka tu. Nikabeba kompyuta kukimbilia kwenye mwanzi, waya ukaivuta kamera na stendi yake, ikaanguka kwenye majani. Sikugeuka. Nikautikisa ule mwanzi, nikautukana. Mungu anisamehe, kwenye msiba wa mama yangu nilisimama nyuma ya bani nikatukana mti.

Mjomba akanifuata. "Wote wamemaliza. Zamu yako."

"Nipe kidogo, mjomba. Inakuja."

"Mvua nayo inakuja." Akarudi kwa watu.

Mduara ukazunguka. Nikasikia mchungaji anaomba, halafu watu wote wakaitika amina, na ile amina ndiyo iliyonishtua.

"Msifunge!"

Nilikimbia, nikakuta kifuniko kimeshashuka. Nikakipiga kwa viganja. "Fungueni! Dada hajamuona! Fungueni!"

Mjomba akanishika mikono yote miwili. Naye alikuwa analia. "Marehemu hafunuliwi mara mbili, mpwa wangu. Ameshaombewa. Shika huku, tumbebe."

Nikashika. Ningefanyaje?

Tulipotoka makaburini mvua ilikuwa imeanza, nikaishusha simu kwenye mwanzi. Dada akapiga simu ya kawaida. Nikaingia ndani, nikaziba sikio la pili nimsikie.

"Ilikatika kabla ya zamu yetu," alisema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, angenitukana, ningejua pa kuanzia. "Basi nieleze wewe. Alikuwaje?"

"Alipendeza, dada. Kama amelala."

"Hivyo ndivyo watu wanavyosema kwenye misiba yote. Nieleze wewe uliyemuona. Walimfunga kile kitambaa cha bluu nilichomtumia?"

Waliomvalisha mama ni akina mama wa kanisa, kule kule hospitali, na jeneza lilikuja limefungwa. Mimi nilikuwa nasubiri zamu. Kamera nayo ilikuwa imerekodi majani na miguu ya watu, na sauti yangu nikifoka.

"Dada," nikasema, "sijui. Sikumuona. Nilikuwa natazama mashine."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nikaibana simu sikioni.

"Pole, mdogo wangu," akasema yeye aliye Maskati. "Pole sana. Kumbe na wewe hukuwepo."